Nilelee Wangu, Nikulelee Wako

Jioni ile nilitoka kuanua nguo tu.

Nafua nguo za watu. Mashuka ya nyumba ya wageni, sare za manesi, makoti ya wale wa buchani ambayo maji yake ya kwanza huwa mekundu. Kamba zangu ziko nyuma ya nyumba, kutoka nguzo ya tangi la maji hadi kwenye ndoano za ukutani. Nikianika mashuka, uwanja mzima unageuka nyumba yenye vyumba vingi vya kitambaa. Ukiwa katikati huoni mlango wala jirani.

Jua lilikuwa limeshazama. Mwanangu nilikuwa nimembeba mgongoni, amelala baada ya kulia mchana kutwa. Bibi yake anamwita Bonge. Ni utani, maana alikuwa mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Alikuwa na mafua yasiyoisha. Pua ikiziba, ananyonya mafunda mawili, anaachia, analia. Maziwa yalinijaa hadi kifua kikauma. Nilikuwa nayakamua kwenye kikombe, kisha naenda kuyamwaga.

Nilikuwa nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ni ule wa kutia chumvi kwenye chai, ukaonja, na ukainywa hivyo hivyo kwa sababu huna nguvu ya kuandaa nyingine.

Nilikuwa nakunja shuka la mwisho niliposikia.

Tsi… tsi… tsi…

Sauti nyembamba sana. Nilidhani ni Bonge, pua yake. Nikatega sikio. Ilitoka chini, kwenye mfereji unaopokea maji ya paa.

Nikainama.

Walikuwa watatu. Wamelundikana kwenye majani makavu na nyuzi za godoro. Manyoya ndiyo kwanza yanaota, macho hayajafumbuka, mikia kama uzi. Siafu walikuwa wameanza kuwapanda. Watoto wa kindi. Juu yao ubao wa dari ulikuwa umefunguka, na kiota kilikuwa kimening'inia nusu.

Nikawaokota. Walikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Mmoja, aliyekuwa mdogo kuliko wote, hakuwa analia. Alikuwa anapumua tu, na kila pumzi ilitoa mlio kifuani.

Tk… tk… tk…

Mama mkwe wangu alikuwa jikoni. Tunaishi naye. Baba yake Bonge anafanya kazi kiwanda cha mikate, zamu ya usiku, kwa hiyo usiku nyumba ni yetu sisi wawili na mtoto.

"Umebeba nini kwenye gauni?"

"Watoto wa kindi, mama. Wameanguka kutoka darini."

"Mume wangu halali, mama yake analea panya!" Mume wangu ndiye Bonge. Ndivyo anavyomwita.

"Si panya, mama. Ni kindi. Tazama mkia."

"Panya aliyesoma."

Lakini alikuwa ameshainuka. Mama mkwe wangu ni mtu wa hivyo. Mdomo wake unakufukuza huku mikono yake inakutandikia kitanda. Alileta boksi la viatu, akakata kipande cha blanketi, akajaza maji ya moto kwenye chupa na kuifunga kwa soksi ili wajiegemeze. Alipomaliza akajipangusa mikono.

"Mama yao nilimzika asubuhi," akasema.

"Yupi?"

"Yule kindi mkubwa. Nilimkuta nyuma ya tangi, ametoa povu. Mwenye nyumba ametega sumu ya panya darini. Nilimchimbia kishimo nikamfukia." Akatazama boksi. "Chuchu zake zilikuwa zimevimba. Maziwa yanatoka yenyewe, na ameshakufa."

Nilishika kifua changu, nacho kilikuwa kimevimba.

Asubuhi nilipopeleka mashuka nyumba ya wageni nilipitia kwenye duka la dawa za mifugo. Mwenye duka alinicheka kwanza. Kisha akanipa bomba dogo la sindano lisilo na sindano.

"Wapashe joto kwanza, wakiwa baridi usiwape kitu," akaniambia. "Halafu maji ya chumvi na sukari. Halafu maziwa, tone, tone, mchana na usiku. Ila ya ng'ombe yatawaharisha, watakufa. Na uwashike kifudifudi. Usimlaze hata mmoja chali! Akipaliwa, maziwa yakaingia kwenye mapafu, basi tena."

"Maziwa gani sasa, kaka?"

"Hapo ndipo pagumu," akasema, akamgeukia mteja mwingine.

Kwangu hapakuwa pagumu. Kikombe kilikuwa mezani, kimejaa, kinasubiri kumwagwa.

Wakanywa. Nyie, wakanywa! Wale wawili walishika bomba kwa mikono yote miwili, kama watu wazima wanaokunywa uji wa moto. Yule mdogo alikuwa anachukua tone moja, anapumzika, tk… tk…, anachukua lingine. Nilimwita Kidole, kwa sababu hakuzidi kidole changu cha kati. Baada ya kula niliwapangusa chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu ili wakojoe, kama ambavyo mama yao angewalamba.

Mama mkwe alisimama mlangoni.

"Hayo maziwa ya nani?"

Niliona haya. "Yangu, mama. Nilikuwa naenda kuyamwaga."

Hakutania. Hilo ndilo lililonishtua. Alitazama boksi, akamtazama Bonge kitandani.

"Wamenyonya ziwa moja na mwanao," akasema taratibu. "Hao sasa ni nduguze."

"Mama, ni kindi tu."

"Nimesikia. Ni kindi tu." Akaondoka.

Jioni hiyo nilianua nguo peke yangu. Bonge nilimwacha kwa bibi yake. Kigiza kilikuwa kimeshaingia kati ya mashuka. Nilikuwa naondoa vibanio huku macho yananifumba, nasinzia nikiwa nimesimama, jambo ambalo sikujua kuwa mtu anaweza.

"Wanaendeleaje?"

Sauti ya mwanamke. Ilitoka upande wa pili wa shuka.

Sikushtuka. Watu huja nyuma ya nyumba kuulizia nguo zao. Nilidhani ni mmoja wa manesi.

"Nani hao, dada?"

"Watoto."

"Aa… Wawili wazima. Mmoja kifua kinambana."

Nilisikia harufu. Magome ya mti yaliyonyeshewa, na chini yake kitu kichachu, kama kitambaa cha mtoto kilichosahauliwa kwenye ndoo.

"Unawapa nini?"

"Maziwa."

"Yako?"

Nilihisi aibu imenipanda hadi masikioni. "Ndiyo."

Akavuta pumzi ndefu. Ilitetemeka.

"Asante, dada. Yangu yamejaa. Sina wa kumpa."

Nilitaka kumpa pole. Nilidhani amefiwa na mtoto. Nikatoa kibanio kingine. Mimi ni mzito wa maneno mbele ya watu, tangu shule.

"Umechoka," akasema.

"Nimechoka."

"Basi wewe nilelee wangu. Na mimi nitakulelea wako."

Watu wa aina yangu tuna ugonjwa mmoja. Mtu akitupatia kitu tunasema asante kabla hatujaangalia ni nini. Tunaogopa kumwudhi.

"Haya, dada," nikasema. "Asante."

Upepo ukainua shuka.

Hapakuwa na mtu.

Mchangani, pale ambapo angekuwa amesimama, palikuwa na matone meupe. Manne, matano, karibu karibu. Nikayagusa kwa kidole. Yalikuwa ya moto.

Nilikimbilia ndani, nguo nyingine nimeziacha kwenye kamba. Sikusema kitu. Nilijiambia ni usingizi, macho yanaota yakiwa wazi. Nilimlaza Bonge upande wa ukutani, boksi nikaliweka sakafuni upande wangu, nikazima taa.

Usiku huo Bonge hakulia.

Niliamka alfajiri mwenyewe, nimelala fofofo bila kugeuka. Nilikaa kitandani nikiwa na hofu ya mtu aliyelala sana. Bonge alikuwa macho, anacheza na miguu yake. Tumbo lake lilikuwa duara, limekaza kama ngoma. Nilimpa ziwa. Akageuza uso. Akacheua kidogo begani mwangu.

Hayakuwa maziwa yangu.

Yalikuwa mazito, ya rangi ya majivu, na yalinuka magome ya mti.

Baba yake aliporudi kutoka kazini, unga umemjaa kwenye nyusi, alimnyanyua juu. "Bonge amekuwa bonge!" akacheka. "Umempa nini?"

"Amelala tu," nikasema.

Ningemwambia nini? Yule mtu anakuja nyumbani amechoka kuliko mimi. Analala mchana tunapopiga kelele, anaondoka jioni tunapowasha taa.

Ikawa hivyo kila usiku. Nilijaribu kukesha. Nilikaa nimeegemea ukuta, nikimlisha Kidole tone moja moja, nikijifinya paja. Lakini kabla ya alfajiri, giza likiwa zito, usingizi uliniangukia kama gunia. Si kwamba nilikuwa nimelala kabisa. Masikio yalikuwa wazi. Mwili ndio uliokataa.

Nikasikia upande wa ukutani, aliko mwanangu.

Chwi… chwi… chwi…

Mtoto ananyonya.

Nilitaka kugeuka. Shingo haikutii. Ile harufu ilijaa chumbani. Godoro likainama kidogo, kama mtu mwepesi sana amekaa ukingoni. Nilisikia mwanangu akimeza, akiguna kwa raha, kama alivyokuwa akiguna kwangu zamani kabla ya mafua.

Kisha mkono ukaja juu yangu.

Mdogo. Mwembamba. Vidole virefu, kucha zikikuna kitambaa… kr… kr…

Ukavuta shuka. Ukanifunika hadi mabegani.

"Lala, dada," akaninong'oneza.

Na mimi nikalala. Huo ndio ukweli. Mtu nisiyemjua ameketi kitandani kwangu, anamnyonyesha mwanangu, na moyo wangu ulichosema kilikuwa: afadhali.

Asubuhi nilimwambia mama mkwe kila kitu. Alikuwa anachambua mchele. Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Alipokwambia hivyo, wewe ulimjibu nini?"

"Nilisema haya. Asante."

"Asante!" Akapiga paja. "Wewe mtoto, mwizi akikuomba ngazi utamshikia na kumuuliza kama imekaa sawa!"

Nikaanza kulia. Akauweka ungo chini, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya tangi. Pale alipomzika yule kindi palikuwa na shimo. Udongo umetawanywa. Ndani mtupu.

"Pengine ni mbwa," akasema.

"Pengine, mama."

Tulisimama tukitazama shimo kama watu wanaosubiri litoe jibu.

"Nikiwarudisha darini leo?" nikauliza. "Au nikawaacha porini?"

"Wafe?"

Nikausukuma udongo shimoni kwa mguu.

"Mmepatana, mwanangu. Wewe wa kwake, yeye wa kwako. Ukimtupia wake, yeye wako atamfanya nini?" Alisema kwa upole, jambo lililozidi kunitisha. "Walee. Walee kama mboni za macho yako. Wakishapona, mwambie aje awachukue, na yeye aondoke kwa mume wangu. Hakuna njia nyingine ninayoiona."

Basi nikawalea.

Sijui kama kuna mtu amewahi kuwalea wanyama kwa hofu niliyokuwa nayo. Nilipasha chupa moto kila ilipopoa. Nilikamua, nikapima joto la maziwa kwenye kifundo cha mkono, nikalisha, nikapangusa, nikabadilisha kitambaa, nikaanza upya. Katikati ya hayo nikafua mashuka ya watu. Vidole vilichubuka. Niliunguza sare mbili kwa pasi, nesi mmoja akanisema mbele ya wateja, nikasema asante. Hata kwa hilo.

Mama mkwe alishika zamu za mchana. "Njoo, panya msomi," alikuwa akimwambia mmoja wao, "fungua kinywa, usinitie aibu." Wale wawili walinenepa. Macho yao yalifumbuka, meusi, yanang'aa. Walianza kunipanda mkononi, na mmoja akawa anapenda kulala ndani ya sikio la kofia ya Bonge. Bonge akawa anawachekea. Yeye naye alinenepa. Mikunjo ilimwota mapajani, mafua yakaisha.

Kila nilipomwona amependeza, nilienda kuchungulia boksi.

Kidole hakunenepa. Kifua chake hakikunyamaza. Tk… tk… mchana, tk… tk… usiku. Nilirudi duka la mifugo. Mwenye duka alimweka sikioni, akasikiliza, akanipa dawa ya matone. "Huyu alishaumia mapafu siku aliyoanguka," akasema. "Utajaribu. Ila mpe kidogo kidogo, akiwa kifudifudi, na wewe ukiwa macho."

Nikiwa macho.

Nilijaribu. Kila mwenye mtoto anajua neno hilo lina uzito gani.

Alfajiri ile mvua ilikuwa inanyesha. Bonge alikuwa ameshashiba upande wa ukutani, nilishazisikia zile sauti zikija na kuisha. Harufu bado ilikuwepo. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, Kidole amelala kifudifudi kiganjani, bomba mdomoni mwake. Akavuta tone. Akapumzika. Akavuta lingine. Nilikuwa nafurahi, maana siku hiyo alikuwa anavuta kwa nguvu. Nilijiambia, huyu atapona. Nilijiambia, bado matone matatu.

Kisha nikaona kuna mwanga dirishani.

Kiganja changu kilikuwa kimegeuka. Kidole alikuwa chali. Bomba lilikuwa tupu, limebanwa na kidole gumba changu. Maziwa yalikuwa yamemjaa puani, meupe, yametulia.

Hakukuwa na tk… tk… yoyote.

Nilimgeuza. Nikampuliza. Nikamsugua mgongo, nikamtikisa kichwa kikiwa chini ili maziwa yatoke. Alikuwa bado wa moto, kwa sababu mkono wangu ulikuwa wa moto.

Nilimrukia Bonge.

Alikuwa amelala. Anapumua. Niliweka sikio kifuani kwake. Moyo unapiga. Nikamwamsha, akakasirika, akalia kwa sauti ya kawaida kabisa. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Baba yake aliingia akanikuta nimekaa katikati ya kitanda, mtoto mkono mmoja, kindi aliyekufa mkono mwingine.

"Mke wangu," akasema, akakaa karibu nami na nguo zake za unga. "Umejitahidi. Ni kindi tu."

"Ndiyo," nikasema. "Ni kindi tu."

Mama mkwe hakuuliza ilikuwaje. Alichukua leso yake nyeupe, ya kuendea misibani, akamviringisha Kidole, akamweka kwenye boksi pamoja na wenzake wawili.

"Leo jioni utamrudishia," akasema. "Wote watatu. Na usimdanganye."

"Akikasirika?"

"Atakasirika zaidi ukimdanganya. Mimi nitakaa na mume wangu ndani, taa zote zimewashwa. Simwachii mtu."

Nilianika mashuka mchana huo ingawa mawingu yalikuwa mazito. Sikujua ningempata vipi pasipo mashuka. Jua lilipozama nikasimama katikati, boksi kifuani. Wale wawili walikuwa wanakwaruza kwa ndani. Na pamoja na hofu yote niliyokuwa nayo, nilikuwa napiga miayo. Mwili hauna adabu.

Harufu ilikuja kwanza.

"Umewaleta," akasema. Kivuli kwenye shuka kilikuwa kifupi, kama mtu aliyechuchumaa.

"Nimewaleta, dada. Wawili wamepona. Wanakula karanga wenyewe." Nikalikumbatia boksi. "Mmoja… Mmoja nimeshindwa."

Tone la mvua liligonga boksi. Lingine.

"Yule mdogo?"

"Yule mdogo."

"Ulikesha naye?"

"Nilikesha naye, dada. Kila siku nilikesha naye."

"Na leo?"

Ningeweza kusema kifua kilimzidi. Hata mwenye duka angeniunga mkono. Nilifungua mdomo kusema hivyo.

"Nilisinzia," nikasema. "Kidogo tu. Nilikuwa namnywesha, nikasinzia. Nisamehe."

Nilifumba macho. Nilisubiri ukelele, kucha, sijui nini. Nilimwazia Bonge kule ndani. Niliwaza kama nikipiga kelele bibi yake atasikia.

Hakukuwa na ukelele. Kulikuwa na pumzi ndefu tu, yenye uchovu. Ningeapa ilikuwa pumzi yangu mwenyewe.

"Hata mimi," akasema.

"Hata wewe nini, dada?"

"Nilisinzia." Alinong'ona karibu sana, kitambaa kilisogea kwenye shavu langu. "Alfajiri ya leo. Nikiwa naye. Kidogo tu."

Nililikamata shuka.

"Ukamfanya nini mwanangu?"

"Niliamka akiwa anapumua." Akasita. "Nisamehe, dada."

Mkono ule mwembamba ukapita chini ya shuka, ukashika boksi. Nikaliachia. Mvua ikashuka yote kwa pamoja. Mashuka yalinasa mwilini mwangu, nikawa napambana nayo kama mtu aliyefungwa, na nilipojinasua uwanja ulikuwa mtupu. Boksi lilikuwa mchangani, tupu, mdomo wazi, linalowa. Leso ya mama mkwe haikuwemo.

Nilikimbia.

Taa zote zilikuwa zinawaka. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka, Bonge amekaa mapajani kwake, anakula kidole cha bibi yake na kucheka. Nilimnyang'anya. Nikamvua nguo zote. Nikatazama masikio, kwapa, nyayo, kati ya vidole. Nikamfungua mdomo. Nikahesabu vidole kama siku aliyozaliwa.

"Unatafuta nini?" bibi yake akauliza.

"Sijui, mama."

Alinitazama usoni. Akainuka, akaja tukatafuta wote wawili.

Hatukuona kitu.

Usiku huo Bonge alilia, nikamnyonyesha, akanyonya kwangu. Harufu haikurudi. Kliniki walimpima wakasema mtoto mzuri, mama umemtunza. Mwenye nyumba aliziba dari kwa ubao mpya. Baba yake amehamishiwa zamu ya mchana, sasa tunalala wote. Bonge ametembea, ameanguka, ameota meno, ameugua na kupona kama watoto wa wenzangu. Kila mtu anasema nimshukuru Mungu, na ninamshukuru.

Lakini najua mimi niliposinzia kilitokea nini. Kilichukua muda mdogo sana, na kilitosha.

Yeye aliposinzia ilichukua muda gani? Mwanangu alikuwa mkononi mwake, kwenye giza lile, mimi nimelala sakafuni. Mtoto wake nilimwona amegeuka chali, nikaelewa. Wangu niliamka akiwa mzima, na sielewi.

Kwa hiyo silali sana. Namwekea mkono kifuani, nahesabu pumzi, hadi usingizi uniangushe wenyewe. Mama mkwe ananigombeza, ananiambia nitazeeka kabla yake.

Sasa Bonge ameanza kusema. Maneno mawili, matatu, aliyookota kwetu. Juzi alfajiri nilishtuka nikakuta nimesinzia na mkono wangu umeteleza. Alikuwa ameketi kitandani, kimya, mgongo umenielekea. Anatazama kona ya chumba ambayo mwanga wa dirisha haujaifikia.

"Mama kalala," akasema.

"Mama yuko macho, mwanangu," nikamwambia. "Mama huyu hapa."

Akatikisa kichwa. Hakugeuka.

"Kalala," akarudia akionyesha ile kona, kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwenzake.